Stempu za Helvetia

Karatasi ya kifo cha Ami Seif ilifika kwetu Ibra, Oman, wiki chache baada ya kuondosha matanga. Ilikuja na tarjama ya Kiarabu iliyogongwa mihuri kila pembe. Mdogo wangu Salim alikuwa amekaa chini ukumbini, miwani puani, kikombe cha kahawa mkononi, anaisoma kama mtu anayetafuta kosa.

"Dada, hebu njoo uone," akaniita. "Huyu mutarjim kaandika al-Ittihad al-Hilfiti. Mo hadha, nini hii Hilfiti? Ami si alikuwa Swisra?"

"Ndiyo hiyo hiyo Swisra, Shirikisho la Uswisi."

"Sasa kwa nini asiseme Swisra tukafahamu sote?"

Nikamweleza. Nafanya kazi ya tarjama Nizwa, na maneno ya namna hii ndiyo riziki yangu. Nikamwambia kwamba zamani sana palikaa kule kabila ambalo Warumi waliliita Wahelveti, na nchi yao ikaja kuitwa Helvetia. Waswisi wa leo wana lugha nne, na stempu ni kitu kidogo, haitoshi kuandikwa jina la nchi mara nne, wala hawakutaka kuipendelea lugha moja nyingine zikanuna. Basi wakachukua jina la Kilatini, lugha isiyokuwa ya mtu yeyote aliye hai. Kitu cha Uswisi, ukitaka kukitaja kwa heshima kubwa, unaweza kukiita cha Kihelvetia. Lakini hiyo ni sifa ya kuvaliwa sikukuu. Utaikuta kwenye mikataba, kwenye sarafu, na katika kalamu ya mtarjumi anayependa kujionesha. Ukenda dukani ukaomba chokoleti ya Kihelvetia watakucheka, na saa ya Kihelvetia sijamwona mtu aliyeivaa.

"Wallahi dada, wewe kamusi," Salim akasema, akajimiminia kahawa nyingine.

Nilieleza vizuri na sauti yangu haikutetereka. Lakini jina hilo nalijua tangu nina miaka tisa, na nililiogopa kabla sijajua lina maana gani. Nikaichukua bahasha iliyoleta karatasi, nikaitizama stempu, kisha nikaisogeza puani. Salim akanitupia jicho la kuuliza. Bahasha haikunuka kitu. Barua za Ami Seif zilikuwa zikinuka udi.

Zikinuka udi kwa sababu zikipita kwa Bi Moza. Ibra kuna soko la wanawake, kila Jumatano, na mwanamme hatii mguu. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na hata mume aliyemleta mkewe hungoja nje garini. Bi Moza alikuwa na pahala pake penye kivuli, anauza udi, hina na vitambaa vya suruwali, na mwanawe alikuwa na sanduku la posta. Anwani ya sanduku hilo ndiyo aliyokuwa nayo Ami Seif. Kila baada ya miezi miwili mitatu Bibi yangu alikwenda kwa Bi Moza kununua udi, akarudi na udi na bahasha, vyote viwili katika kanga moja.

Mzunguko wote huo ulikuwa kwa ajili ya Baba. Ami Seif, ndugu yake wa toka nitoke, aliondoka Unguja akiwa kijana kwenda kusoma Ulaya. Nchi ikapinduka akiwa huko huko, na wao wengine wakaja Oman. Babu alipofariki, mwaka wa pili tu wa kufika Ibra, Ami Seif hakuja kumzika. Miezi michache baadaye ikaja habari kwamba wakati ule alikuwa akifunga ndoa na mzungu. Baba akasema mbele ya watu kwamba yeye hana ndugu, na Baba alikuwa mtu akisema jambo amelipiga msumari. Jina la Seif likawa halitajwi nyumbani kwetu, wala nchi aliyokuwako. Nikiuliza naambiwa yuko Ulaya. Ulaya wapi? Ulaya kwa wazungu.

Bibi alikuwa msomi kwa namna yake. Kurani alihitimu mara nyingi, na Kiswahili alikiandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofunzwa wanawake wa zama zake. Herufi za kizungu hakuwahi kufunzwa. Ami Seif, mtoto wa skuli ya serikali, mambo yake yalikuwa kinyume. Kurani aliisoma, lakini kukaa akaandika Kiswahili kwa herufi zile hakuweza. Kwa hivyo mama na mwana walihitaji mtu katikati, na mtu huyo nilikuwa mimi, niliyesoma Kiarabu skuli na ABC kidogo, na Kiswahili nilichokinywa na maziwa.

Kazi ilifanyika baada ya chakula cha mchana. Baba alikuwa akilala mpaka alasiri, na kiyoyozi cha chumbani mwake kikinguruma hata nyumba inatikisika. Bibi alikuwa akiskiliza ule mngurumo kwanza, kisha ananiita kwa kidole. Tunakaa juu ya mkeka, anafungua bweta lake la mbao, ananipa bahasha. Nasoma polepole, silabi kwa silabi, mara nyingine sifahamu ninachokisoma. Yeye anafahamu. Midomo yake ilikuwa ikinifuata nyuma, neno kwa neno.

Kisha jawabu. Bibi anasema, mimi naandika. Nikimaliza anaichukua kalamu, na chini kabisa anaongeza mstari mmoja kwa mkono wake, kwa herufi zake, bila ya nukta. Ilikuwa dua ile ile kila barua: Mola akuhifadhi, mwanangu, popote ulipo.

"Hapo ndipo atajua kweli ni mie," alikuwa akisema. "Khati yako weye anaweza kuiandika mtoto yeyote."

Ami Seif aliwahi kujibu kwamba mara ya kwanza mstari ule ulimchukua siku mbili kuutambua, na sasa anaujua kwa moyo. Bibi alinifanya nirejee maneno hayo mara tatu.

Ningeliishia hapo, hii ingekuwa kumbukumbu tamu. Kilichoniharibia ni stempu.

Kwenye stempu za Oman nilizoziona kuliandikwa Oman. Kwenye za Misri, ambazo mwalimu wetu alipokea, kuliandikwa Misri. Basi nilijua kwa yakini kwamba stempu husema nchi yake. Za Ami Seif zilisema HELVETIA. Nilitaka kumfurahisha Bibi, nimwoneshe mwanawe yuko wapi hasa, nikaenda kuitafuta Helvetia kwenye ramani kubwa ya ukuta ya darasani. Nilitafuta mapumziko matatu. Nikatafuta Ulaya, nikatafuta Marekani, nikatafuta mpaka visiwa vilivyotapakaa baharini kama punje. Mwisho nikamuuliza abla, mwalimu wetu wa jiografia, Mmisri mnene mwenye huruma.

"Helvetia?" Akacheka. "Mafish balad ismaha kida, ya bint." Hakuna nchi yenye jina hilo, binti yangu.

Mtu mzima angelisema mwalimu hajui. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na mwalimu kwangu alikuwa anajua mpaka idadi ya nyota. Kama abla kasema hakuna, basi hakuna. Na mtu anayetuma barua kutoka pahala pasipokuwapo yuko wapi?

Jawabu alikuwa nalo Shamsa, jirani yangu, msichana wa Kiarabu aliyenizidi mwaka mmoja na maneno elfu. Nyuma ya falaji, mfereji wa maji ya mashamba, kulikuwa na nyumba za kale za udongo, za ghorofa, zilizokuwa zikibomoka, na Shamsa aliniapia kwamba ndani mlikaa mughayabu. Watu wa kwetu mpaka leo wanalijua jambo hili, ingawa wengine watakana. Mchawi akimtaka mtu humfisha kiini macho. Jamaa wanalia, wanazika, kumbe walichokizika ni gogo, na mtu wao yuko hai mikononi mwa mchawi, anatumikishwa katika nchi isiyoonekana. Huyo ndiye mughayabu. Humkumbuka mama yake, alisema Shamsa, na hutafuta njia ya kurudi nyumbani. Lakini akikaribishwa akaingia, mchawi hupita nyuma yake, na safari hiyo haondoki na mmoja.

"Mwanzo anawachukua macho," Shamsa akasema. "Ndiyo maana wakija hawakutizami."

Nikamuuliza kama wanaweza kuandika barua. Akafikiri kidogo, akasema wanaweza, lakini mkono si wao.

Tangu siku hiyo kila kitu kilipangana. Ami Seif alikuwa ameleta picha moja. Amesimama pahala peupe mtupu, hakuna mti hata mmoja, ukungu umemla mabega, na miguu yake haionekani. Leo najua ile ilikuwa theluji iliyomfika magotini. Mimi theluji sikuwahi kuiona, ila nilikwisha kusikia kwa Bibi mwenyewe, katika hadithi za Unguja, kwamba kiumbe asiye mtu utamjua kwa miguu. Bibi alikuwa akiibusu picha ile. Mimi nilikuwa nikiangalia pale palipotakiwa pawe na miguu.

Nikamuuliza siku moja, "Bibi, Ami Seif ana miguu?"

"Ana miguu? Kwa nini asiwe na miguu? Miguu ya kucheza mpira mpaka kunivunjia dirisha." Akacheka, kisha akaacha kucheka akanitizama.

Barua iliyofuata ilikuja na mwandiko mwingine. Herufi kubwa, zimepinda, kama za mtoto, na maneno ya Kiswahili yamekatwa pasipokatwa. Chini limewekwa jina la Seif, lakini mkono si wake. Hata udi wa Bi Moza, niliokuwa nikiupenda, siku hiyo niliuogopa, kwa sababu udi huita wasioonekana.

Katika nyumba yetu kulikuwa na chumba cha wageni chenye mlango wa nje, na ndani yake godoro lililokunjwa, shuka safi, na kanzu mpya katika mfuko. Baba alidhani ni vya mgeni yeyote. Mimi nilijua ni vya nani, maana Bibi kila Alkhamisi alikifukiza chumba kile kwa chetezo huku ananong'ona. Shamsa alinifundisha kwamba mughayabu haruki chumvi. Nikaiba chumvi jikoni, nikaimwaga kizingitini, mstari mnene kutoka ukuta hadi ukuta.

Bibi ndiye aliyeiona. Hakuita mtu. Aliinama kwa taabu, akachovya kidole, akaonja, akaniona nimesimama nyuma ya mlango.

"Chumvi ya chunguni, mjukuu wangu," akasema. "Mlangoni haina kazi." Akaifagia taratibu yote. Alipomaliza akaniuliza, "Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu."

"Haya."

Hakuniuliza tena. Mara nyingi nimejiuliza ingelikuwaje kama angelinikamata masikio, akanitikisa mpaka maneno yakanitoka. Watu wa zama zile hawakumchokonoa mtoto. Walingoja aseme, na mimi sikusema.

Barua ya mwisho ilifika wakati wa mavuno ya tende, joto la kupasua mawe. Mwandiko ni ule ule wa kitoto. Niliisoma juu ya mkeka, na ninaikumbuka kwa sababu nimeisoma kichwani mwangu kila mwaka tangu siku ile. Ami Seif alisema macho yake yanakwisha. Nuru ya jicho moja imekwenda, la pili linafuata, na daktari hampi matumaini. Anataka kuuona uso wa mama yake kabla hajafungiwa kabisa. Lakini haji nyumbani kwa mama asiyemtaka, kwa kuwa anajua alilolifanya. "Kama radhi zako ninazo, Mama, niandikie neno moja tu, njoo, nami nitapanda ndege mwezi huu huu. Usiponiita nitajua, na sitakulaumu." Ndani ya barua alitia bahasha yenye anwani yake tayari. Mstari wa mwisho wa anwani ulikuwa neno lenye herufi zilizobanana kama meno, halitamkiki kwa ulimi wa Kiswahili wala wa Kiarabu; leo najua ni jina la Uswisi kwa lugha ya kule.

Mwanzo anawachukua macho.

Bibi alikuwa analia bila ya sauti, machozi yanamshuka tu, mkono wake umeushika mguu wangu. "Andika," akasema. "Andika, mwanangu, upesi, babako asiamke. Mwanangu Seif. Radhi zangu unazo tangu tumboni, sikuzitoa hata siku moja. Babako alikufa na jina lako mdomoni. Nduguyo ntamkabili mie. Njoo. Usingoje, njoo."

Nilikuwa na kalamu ya wino wa buluu. Kiyoyozi kinanguruma. Nilimtizama Bibi, shingo yake nyembamba, nikauona mlango wa chumba cha wageni unafunguka na kile kisichokuwa na miguu kinaingia, na nyuma yake mwingine. Safari hiyo haondoki na mmoja. Sikufanya kwa ubaya. Nilikuwa nampenda kuliko mtu yeyote duniani, na nikaandika hivi: Mwanangu Seif. Sote wazima. Usije.

Bibi akaiangalia karatasi. Hakuijua hata herufi moja, lakini alinisemea maneno mengi na akaona mistari miwili.

"Umekwisha?"

"Nimekwisha, Bibi."

"Mbona upesi hivi?"

"Herufi za kizungu fupi," nikasema.

Akanitizama muda mrefu. Nililikwepa jicho lake, nikaangalia mkeka. Kisha akanichukulia kalamu mkononi na kuandika pale chini, kwa mkono wake, kama desturi. Aliandika zaidi ya siku nyingine. Niliona mistari mitatu badala ya mmoja, lakini haraka yangu ilikuwa bahasha ifungwe kabla hajaniuliza tena. Sikusoma. Nilijiambia kwa kuwa mwanawe anaumwa, leo ameirefusha dua.

Jumatano barua ikaenda kwa Bi Moza. Tangu siku hiyo Bibi alilikunjua godoro. Akaitundika kanzu ukutani ipate hewa. Jioni zote akawa anakaa kibarazani amegeuzia uso njia ya gari, na akataka mlango wa nje usitiwe komeo mchana. Mimi nilikuwa nikipita mbio mbele ya chumba kile. Miezi ikaenda. Hakuja mtu, wala haikuja barua, na ndani ya nafsi yangu, Mungu anisamehe, niliona fahari. Nimeiokoa nyumba.

Kisha Maryam, msichana wa darasani, akaleta albamu ya stempu za babake. Zilipangwa kwa nchi, na majina ya nchi yameandikwa juu ya kurasa kwa Kiarabu safi. Juu ya ukurasa mmoja palikuwa na neno Swisra, na chini yake safu nzima za stempu, milima, ng'ombe, maua, na kwenye kila moja: HELVETIA. Nikanyanyua macho kwenye ramani ya ukutani. Swisra ilikuwapo, siku zote ilikuwapo, ndogo kama kokwa ya tende, katikati ya Ulaya, nimeipitisha kidole mara mia. Ilikuwa nchi ya kweli yenye ng'ombe, na ndani yake palikuwa na mtu wa kweli mwenye miguu anayepofuka.

Nilikimbia kutoka skuli hadi nyumbani bila ya kusimama. Bibi alikuwa pale pale kibarazani. Wakati huo alikwisha kukonda, mkufu unamcheza shingoni.

"Nini, mwanangu? Mbona unahema?"

Nikafungua mdomo. Huyu hapa ndiye mtu ambaye nimemfukuzia mwanawe. Nitamwambiaje?

"Nashikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba. Njoo ukae."

Nikakaa ubavuni pake, na tukaangalia njia pamoja. Aliishi miezi miwili baada ya siku hiyo. Miezi miwili nilikuwa nayo mkononi, Jumatano nane za Bi Moza, na nilichokifanya ni kukaa kimya na kuangalia njia. Ule uwongo wa kwanza nimejisamehe, ulikuwa wa mtoto mwenye khofu. Huu wa pili sijajisamehe. Watu husema majuto ni mjukuu, na kwetu sisi mjukuu mwenyewe alikuwa ndiye mimi. Bibi alifariki saa za mchana, kiyoyozi cha Baba kinanguruma, na baada ya kumzika nililikunja lile godoro mimi mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza kwa nini ninalia vile juu ya godoro.

Miaka mingi baadaye Baba naye alikufa, na Salim, ambaye wakati wa barua zile alikuwa anatambaa, akamtafuta Ami Seif mpaka akampata. Walikuwa wakizungumza kwa simu. Ami Seif alikwisha kuwa kipofu zamani, sauti yake nzito, Kiswahili chake kile kile cha mjini Unguja, kimehifadhiwa kama nguo ya sanduku. Salim alikuwa akinipa simu. Mimi nilikuwa naashiria niko jikoni, niko msalani, niko safarini. Sikumsalimia hata mara moja. Mtu niliyemwogopa akiwa hai kwa kudhani amekufa, nilizidi kumwogopa nilipojua yu hai.

Hayo ndiyo yaliyonipita kichwani na bahasha isiyokuwa na harufu mkononi, Salim anakunywa kahawa yake.

"Na lingine, dada," akasema. "Huyu Zuwena, bintiye Ami, kanipelekea picha ya kitu. Anasema nikuulize weye, kwa kuwa weye ndiye msomaji wa nyumba."

Zuwena ni jina la Bibi. Sikujua kwamba alimpa mwanawe jina la Bibi.

Akanipa simu yake. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza cha adabu. Zuwena alisema anapanga vitu vya marehemu babake na amekuta barua moja ndani ya koti, katika mfuko wa ndani, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Anaikumbuka. Alikuwa na miaka kumi ilipofika. Yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia na kumsomea babake wakati ule, kwa kuwa mamake hakujua Kiswahili hata kidogo. Naye pia alikuwa hakifahamu sawasawa, alizitamka herufi tu. Babake alimwambia aisome mara tatu. Kisha akamuuliza, hakuna kitu kingine? Akamjibu, kuna michoro chini. Babake akasema, hiyo ni dua yake, anaiweka kila barua, naijua. Hakuuliza michoro ni mistari mingapi, na yeye hakujua kama inafaa kuhesabiwa. Baadaye alimwona anaipitisha kidole pale chini, mara nyingi, miaka mingi. Sasa anaomba, kama haitakuwa taabu, nimwambie ile dua inasema nini, apate kuichonga juu ya kaburi.

Nikaikuza picha. Juu kulikuwa na mwandiko wangu wa buluu, wa duara, wa mtoto mwema wa skuli. Chini yake mistari mitatu bila ya nukta. Kwa mara ya kwanza nilimsoma Bibi.

"Inasema nini?" Salim akauliza. Akaona uso wangu, akaweka kikombe chini, akatoka taratibu.

Nilikuwa peke yangu na simu. Pale, baada ya maisha mazima, mtu alikuwa tena ananingoja nimsomee barua ambayo mwenyewe hawezi kuisoma. Ningeweza kumwandikia kwamba ni dua. Mola akuhifadhi, mwanangu, popote ulipo. Angeichonga, ingependeza, na hakuna aliyebaki duniani wa kunisuta. Kidole changu kilikaa juu ya kioo muda mrefu, mpaka kioo kikazimika, nikakiwasha tena.

Nikaandika kwa herufi za kizungu, neno kwa neno kama yalivyo, na chini yake tarjama, bila ya kupunguza:

Seif mwanangu. Mwandishi wangu ni mtoto na ana khofu, usimlaumu. Aliloliandika huko juu silijui. Mie nasema njoo.

Kisha nikaongeza mstari wangu mwenyewe: Mtoto huyo ni mimi.